Pikapu Imechutama Nyuma, Usukani Mwepesi: Kusaka Tatizo la Uzito wa Kempa

Kabla hujanunua shokapu mpya, kabla hujamlipa fundi akufungie mifuko ya hewa kwenye springi, fungua mlango wa dereva usome kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango. Pikapu zinazouzwa Marekani zina kibandiko chenye rangi ya njano na nyeupe kinachotaja saizi ya matairi, upepo wake, na sentensi moja yenye maana kuliko yote mengine: jumla ya uzito wa watu na mizigo isizidi kilo kadha, au paundi kadha. Hiyo ndiyo ruhusa yako ya kubeba. Ndani yake yumo dereva, yumo mama watoto, wamo watoto, yamo maji, zimo sufuria, na imo kempa yenyewe.

Mimi nimekulia kwenye malori. Nilianza utingo barabara ya Morogoro, nikaijua mizani ya Vigwaza kabla sijaaminiwa usukani, na sasa naendesha semi huku Marekani. Waswahili wenzangu wa huku wamezipenda kempa, ule mjengo mdogo unaopandishwa juu ya bodi la pikapu, kitanda kikitokeza juu ya kabini, ndani mna jiko, friji, tangi la maji, pengine na choo. Kila kiangazi simu hazikatiki. "Kaka, gari linapepesuka." "Kaka, tairi limepasuka na nimelinunua juzi." Wengi wanataka nitaje kifaa cha kununua. Mimi nawauliza namba tatu: kibandiko kinasema ngapi, mizani ilisema ngapi, na nyuma peke yake ni ngapi. Kimya kinachofuata huwa ndilo jibu.

Jambo moja tuliweke sawa mapema. Namba kubwa inayopigiwa kelele kwenye matangazo ya pikapu ni ya kuvuta. Kempa haivutwi, inabebwa. Pikapu inayotangazwa kwamba inavuta zaidi ya tani 5 inaweza kuwa na ruhusa ya kubeba isiyofika kilo 800. Punda anayevuta mkokoteni wa magunia kumi hajasema kwamba ukimtwisha hayo magunia kumi mgongoni atasimama.

Muuzaji alisema inaingia, mizani inakataa

Neno "inaingia" ndilo lililowaponza wengi. Kempa inaingia kwenye bodi kwa urefu na upana, hilo ni kweli, hata mtoto anaweza kuona. Kwamba springi, ekseli na matairi vinaikubali ni habari nyingine.

Rafiki yangu mmoja alinunua pikapu ya daraja ambalo Wamarekani bado wanaliita nusu tani, kundi la akina Ford F-150, Ram 1500 na Chevrolet Silverado 1500. Jina hilo ni la kale, halina uhusiano na uzito ambao gari la leo linabeba. Kibandiko chake kilisema paundi 1,712, yaani kilo 777 hivi. Kipeperushi cha kempa kilisema paundi 1,480. Muuzaji akatoa moja kwenye nyingine, akapata 232, akamwambia, "Unabaki na akiba."

Akiba hiyo haikuwatosha hata yeye na mkewe kukaa garini, maana wawili hao ni paundi 360. Tukakaa mezani na kalamu. Namba ya kipeperushi ilikuwa ya kempa tupu kabisa, kama ilivyo kwa vipeperushi vingi: haina maji, haina gesi, na mara nyingi haina vile vitu ambavyo mnunuzi anaviona vimefungwa dukani akadhani ni sehemu ya kempa. Kiyoyozi cha paa, turubai la kivuli la pembeni, betri ya pili na miguu ya kuinulia ya umeme vilikuwa paundi 240. Tangi la maji ni galoni 30. Galoni moja ya Marekani ya maji ni paundi 8.34, kwa hiyo hapo kuna 250. Mtungi wa gesi unaoitwa wa paundi 20 unabeba gesi ya paundi 20, lakini chuma chake nacho kina uzito, ukijaa unafika 37. Watoto wawili, 130. Vifungo vya kempa na vyuma vyake chini ya gari, 90. Nguo, vyakula, viti vya kukunja, jiko la mkaa ambalo mke wake alikataa katakata kuliacha, 300.

Jumla: paundi 2,887. Ruhusa ilikuwa 1,712. Amezidisha paundi 1,175, zaidi ya nusu tani ya kilo, na safari haijaanza.

Kwa tofauti ya namna hii hakuna fundi wa kukusaidia. Ama ubadilishe gari, ama ubadilishe kempa. Kempa nyepesi zenye paa la kunyanyuka zipo kwa ajili ya pikapu ndogo. Kempa kubwa zenye kuta za kutanuka zinaweza kupita paundi 5,000 zikishajazwa, na hizo zinataka pikapu ya daraja la juu, F-350 au Ram 3500, nyingi zikiwa na matairi manne nyuma. Usiniulize kama F-350 "itatosha" bila kunitajia kibandiko chake. Magari mawili ya jina moja, mwaka mmoja, yanaweza kupishana mamia ya paundi. Kabini ya milango minne, injini ya dizeli, viti vya ngozi, paa la kioo, vyote hivyo vina uzito, na vinakatwa kwenye ruhusa yako ya kubeba. Pikapu ya kifahari kuliko zote uwanjani mara nyingi ndiyo inayobeba kidogo. Bampa ya chuma na winchi uliyoifunga mwenyewe havimo kwenye hesabu ya kiwandani, vitoe wewe.

Kempa nayo ina kibandiko chake. Kanuni ya shirikisho namba 575.103 inamtaka mtengenezaji wa kempa za kubebwa aandike uzito wake ikiwa na vifaa vyake vya kawaida, maji, gesi na friji, akitaja ni galoni ngapi na ni gesi kiasi gani. Mtengenezaji wa pikapu naye anatakiwa aeleze kitovu cha uzito wa kempa kiangukie eneo gani la bodi. Tafuta vitu hivyo viwili kabla ya kutoa malipo ya awali. Ukikuta kempa ya mkono wa pili imebanduliwa kibandiko, isafirishe mpaka mizani kwanza, bei mtaongea baadaye.

Jinsi ya kupima, na jinsi ya kusoma karatasi

Madereva wa malori mnajua hili, ruka aya mbili. Kwa wengine: vituo vingi vya malori huku vina mizani ya CAT Scale. Unapanda juu yake kama lori, matairi ya mbele kwenye bamba la kwanza, ya nyuma kwenye bamba la pili, unabonyeza kitufe, unamwambia karani ni pikapu binafsi, kisha unaingia ndani kuchukua karatasi au unaipata kwenye programu ya simu. Gharama yake haifiki ya chakula cha watu wawili hotelini, na ukirudi kupima tena ndani ya saa 24 unatozwa bei ya chini kuliko ya kwanza.

Pima mara mbili. Mara ya kwanza pikapu bila kempa, tangi la mafuta limejaa, dereva ndani. Mara ya pili ukiwa umepakia kila kitu kama siku ya safari, na familia nzima imeketi. Wasikudanganye wabaki kwenye kiduka kununua soda.

Karatasi mbili za jamaa mwingine, mwenye pikapu ya daraja la kati, zilikuwa hivi. Tupu: mbele 4,180, nyuma 2,960, jumla 7,140. Imepakiwa: mbele 4,260, nyuma 6,040, jumla 10,300. Kwenye kibandiko cha pili cha mlangoni, kile chenye herufi GVWR (kikomo cha uzito wa gari zima) na GAWR (kikomo cha kila ekseli), gari zima liliruhusiwa 10,000 na ekseli ya nyuma 6,200.

Angalia karatasi inavyozungumza. Kempa, vilivyomo na familia ni paundi 3,160. Kati ya hizo, 3,080 zimekaa nyuma na 80 tu zimekwenda mbele. Maana yake kitovu cha mzigo kimeangukia mbele kidogo tu ya ekseli ya nyuma. Ni mahali pazuri, ila pembamba: sogeza mzigo kidogo kwenda mlangoni na mbele itaanza kupungua. Ekseli ya nyuma ina nafasi ya paundi 160. Gari zima limezidi kwa 300. Yeye alikuwa anatembea na galoni 40 za maji tangu nyumbani, paundi 334, wakati kambi anazokwenda zote zina bomba. Tukayamwaga. Jumla ikashuka hadi 9,966. Akabaki na nafasi ya paundi 34, ambayo haifiki hata ndoo moja ya lita 20, lakini yuko ndani ya mstari. Huyu tatizo lake lilikwisha kwa kufungua koki, naye alikuwa amekwishaagiza springi za nyongeza.

Ukikuta jumla iko sawa lakini nyuma imezidi, shida yako ni mahali mzigo ulipo. Ukikuta vyote viko sawa na bado gari linakusumbua, endelea kusoma. Kosa liko kwenye matairi, vifungo au urefu wa mzigo kutoka chini.

Nyuma imechutama, taa zinawamulika ndege, usukani umekuwa mwepesi

Pikapu yoyote ikibebeshwa itashuka nyuma, imeundwa hivyo. Kinachotakiwa kukutisha ni usukani mwepesi. Maana yake matairi ya mbele yamepunguziwa uzito, na hayo ndiyo yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki.

Chanzo chake ni mzigo uliopita nyuma ya ekseli. Hesabu yake ni ya bembea za watoto. Chukua Toyota Hilux ya kabini mbili, ambayo umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 3.085. Ning'iniza kilo 100 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, tuseme tairi la akiba na madumu mawili ya mafuta kwenye mlango wa nyuma. Ekseli ya nyuma haipati kilo 100. Inapata 132, na zile 32 za ziada zimenyanyuliwa kutoka matairi ya mbele. Umepakia mara moja, umeharibu sehemu mbili.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kempa iliyotengenezwa kwa bodi refu la futi 8 kupandishwa kwenye bodi fupi. Inaingia, ndiyo. Ila sehemu ya nyuma inabaki nje, na tangi la maji au jokofu likiwa huko nyuma, kitovu chake kinavuka ekseli. Sababu ya pili ni kempa kutosukumwa hadi mwisho wa bodi upande wa kabini. Angalia kama pana pengo. Sababu ya tatu ni sisi wenyewe na baiskeli, jenereta na sanduku la barafu tunavyovifunga kwenye bampa ya nyuma kwa sababu ndani kumejaa.

Tiba ni kuhamisha. Vitu vizito, yaani zana, betri, vyakula vya makopo, viende mbele na chini, karibu na kabini. Pima tena. Ukiona mbele bado ni nyepesi kuliko ilivyokuwa pikapu ikiwa tupu, kempa hiyo na bodi hilo havikuumbwa kuishi pamoja.

Sasa mifuko ya hewa. Unaijaza upepo, nyuma inanyanyuka, taa zinarudi barabarani, na mwenye gari anapumua. Ekseli bado imebeba uzito uleule. Matairi yaleyale, beringi zilezile, breki zilezile. Kibandiko cha mlangoni hakikubadilika kwa paundi hata moja. Mimi siichukii mifuko hiyo. Kwa gari lililo ndani ya ruhusa yake inasaidia kusawazisha kimo. Ninachokichukia ni kwamba inaondoa dalili na kuacha ugonjwa. Ni sawa na kutundika kitambaa juu ya taa ya dashibodi inayowaka.

Inayumba kwenye kona, inatikiswa na lori likikupita

Hapa ndipo watu wanapotumia fedha nyingi bila mpangilio, kwa sababu dalili ni moja na vyanzo ni vingi. Fuata mpangilio huu, badilisha kitu kimoja kwa wakati, halafu tembeza gari barabara ileile kwa mwendo uleule.

Anza na upepo, maana ni bure. Tairi lenye upepo mdogo linakunjika ubavuni, na gari zima juu yake linatikisika kama mtu aliyesimama kwenye godoro. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Kisha ingia chini ya kempa ukague vifungo vinavyoishikilia kwenye chasisi: kimoja kikilegea, kempa inacheza peke yake na pikapu inacheza peke yake, wewe katikati. Viangalie tena baada ya kilomita 80 au 100 za kwanza, kwa kuwa kempa hukaa vizuri ikishatikiswa na vifungo vinalegea. Zulia la mpira chini ya kempa linaizuia kuteleza kwenye bodi; wengi wanalidharau.

Ikiwa bado, tazama juu. Kempa ni ndefu kwenda juu, na kila kilo unayoiweka darini inaongeza kuinama kwenye kona. Kayaki mbili, paneli za sola, sanduku la mizigo: vishushe vyote kwa siku moja ujaribu. Baada ya hapo ndipo tunazungumza habari ya chuma cha stabilaiza cha nyuma. Pikapu nyingi nyepesi hazikukipata kiwandani, na kwa kempa ndefu kinaleta tofauti unayoihisi kwenye kona ya kwanza. Kama mifuko ya hewa ya kulia na kushoto imeunganishwa kwa bomba moja, itenganishe. Kwenye kona hewa inakimbia kutoka upande uliolemewa kwenda ule mwingine, na gari linainama zaidi badala ya kupungua. Shokapu ziwe za mwisho. Zikiwa zimevuja mafuta, zibadilishe, lakini shokapu haibebi uzito, inatuliza tu mtikisiko.

Na punguza mwendo. Kempa si Corolla.

Tairi limepasuka na lilikuwa jipya

Upya wa tairi si hoja. Soma ubavu wake. Baada ya saizi kuna namba ya uwezo wa kubeba, na kila namba ina kilo zake zilizowekwa kimataifa: 112 ni kilo 1,120, 115 ni 1,215, 121 ni 1,450, 125 ni 1,650. Zidisha kwa mbili, linganisha na uzito wa ekseli ya nyuma kutoka kwenye karatasi ya mizani. Ukiona namba mbili zimetengwa kwa mkwaju, kama 121/118, ya kwanza ni ya tairi moja kila upande, ya pili ni kwa gari lenye matairi mawilimawili nyuma.

Mtego uko kwa matairi ya aina ya gari dogo. Pikapu nyingi za nusu tani hutoka kiwandani na matairi laini yanayokimbia kimyakimya. Tairi la aina hiyo likifungwa kwenye pikapu, uwezo wake unagawanywa kwa 1.10. Lile la 115 lililoandikwa kilo 1,215 linahesabiwa 1,104. Mawili ni 2,208, na ekseli ya nyuma yenye kempa inafika huko upesi. Matairi yenye herufi LT mwanzoni mwa saizi yana ubavu mgumu na hujazwa upepo zaidi; yale ya daraja E hufikia PSI 80. Ila ukiyafunga ukayajaza PSI 35 kwa mazoea, hujapata chochote, kwani uwezo wa tairi ni uwezo wa upepo uliomo. Kila mtengenezaji ana jedwali la uzito na upepo. Lifuate, na uhakikishe rimu nayo inaruhusu upepo huo na uzito huo. Rimu za urembo zimeangusha watu.

Mengine ni ya haraka. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulio ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la pikapu iliyokaa uani miaka saba linaweza kuwa na meno yote na likawa limeoza. Ukisimama kujaza mafuta, pitisha nyuma ya kiganja karibu na kila tairi. Moja likiwa na moto kuliko wenzake, limepungukiwa upepo au breki yake imeng'ang'ania.

Breki zinanuka mteremkoni

Nishati ambayo breki inatakiwa kuimeza inaongezeka sawa na uzito, na kwa mwendo inaongezeka kwa mraba. Kwa hiyo mwenye mzigo uliozidi akishuka kwa kasi analipa mara mbili. Ukitokea magharibi kwenye barabara ya I-70 kwenda Denver, unapita handaki la Eisenhower lililo zaidi ya mita 3,300 juu ya usawa wa bahari, kisha unaanza kushuka miteremko mikali. Hapo nimeona pikapu zenye kempa zimeegeshwa pembeni, magurudumu yanafuka.

Ukinusa breki, au kanyagio likaanza kuzama, toka barabarani, acha zipoe, usimwagie maji. Chanzo kwa kawaida si pedi. Ni gia. Shuka kwenye gia ndogo kabla ya mteremko kuanza, injini ishike gari, na mguu ugonge breki kwa vipindi badala ya kukaa juu yake. Pikapu za kisasa zina hali ya kuvuta mizigo ambayo inaifanya giaboksi ishuke gia yenyewe. Iwashe hata kama huvuti kitu. Kama umefanya yote hayo na bado zinanuka, rudi kwenye karatasi ya mizani.

Imeinamia upande mmoja

Karibu kila mara ni mpangilio wa kempa: jiko, friji na tangi la maji upande wa kushoto, kabati la nguo kulia. Mizani ya barabarani inapima ekseli na haitakuonyesha hili. Pima kimo kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu ya tairi, pande zote mbili, gari likiwa kwenye sakafu sawa. Hamisha vitu vizito. Ikiwa pikapu inainama hata bila kempa, springi imechoka au bapa moja limevunjika, na hilo ni la fundi.

Kwa walio nyumbani wanaojenga kempa juu ya Hilux

Naulizwa sana na vijana wa Arusha na Nairobi wanaotengeneza magari ya safari. Hilux ya kabini mbili kwa kawaida inaruhusiwa kubeba kati ya kilo 800 na 1,000 kutegemea toleo, na Land Cruiser 79 ya kabini moja inapita tani moja. Soma karatasi za gari lenyewe, na uangalie kama uzito wa gari tupu uliotumika umemhesabu dereva: vipimo vya Ulaya vinamweka dereva wa kilo 75 ndani, vya Marekani vinamwacha nje.

Tofauti kubwa ni barabara. Kwenye rasta, yaani vile vituta vidogo vinavyofuatana kwenye barabara ya vumbi, mzigo unarukaruka, na chasisi inapigwa na uzito mkubwa kuliko ule uliouona kwenye mizani. Dalili ya kwanza ni ndogo: pengo kati ya kabini na bodi limekuwa pana juu kuliko chini, au mlango wa nyuma wa kabini umeanza kukwaruza. Hapo chasisi inapinda, kwa kawaida nyuma tu ya kabini, na wanaopatwa na hili mara nyingi ni wale wenye kabini mbili, mzigo uliotokeza nyuma ya ekseli, na mifuko ya hewa iliyojazwa sana ikisukuma chasisi kutoka nukta moja. Usiichomelee ukaendelea na safari. Ondoa kilicho nyuma ya ekseli, punguza upepo wa mifuko, peleka gari lipimwe chasisi.

Mkishusha upepo wa matairi kwa ajili ya mchanga au rasta, mpande lami mkiwa mmejaza tena. Pampu ndogo ya betri ina uzito wa kilo tano. Hiyo ibebeni, acheni meza ya mninga.